Ctrl Unayobonyeza Ilianza Kitambo Kuliko Figma

Wasee wa dizaini, hii ni yenu. Umepanga skrini yako poa ndani ya Figma, kisha unavuta ukingo wa fremu uongeze nafasi kidogo. Ghafla vitufe vinatembea, picha inavutika kama chapati, maandishi yanahama mtaa. Wengi husema programu imeshikwa na wazimu. Haijashikwa. Shikilia Ctrl, au Cmd kama uko kwa Mac, huku ukivuta. Fremu itabadilika peke yake na vilivyo ndani vitabaki pale pale.

Sasa swali langu ni hili: mbona vihame kwanza? Hapo inabidi turudi 1963.

Mwaka huo Ivan Sutherland, mwanafunzi wa uzamifu pale MIT, aliwasilisha Sketchpad, programu ya kuchora kwenye kompyuta iliyoitwa TX-2. Ulichora kwa kalamu ya mwanga, moja kwa moja kwenye skrini. Watu wakipiga hiyo stori husifu kalamu tu. Mimi naona uhondo ulikuwa kwa masharti. Unachora mistari ovyo ovyo, unaiambia mashine hii miwili iwe sambamba, ile ilingane urefu, na mashine inanyoosha yenyewe. Yaani mchoro ulianza kukumbuka uhusiano. Na sikiza hii: mkono mmoja ulishika kalamu, mwingine ulikuwa kwa vitufe vya amri. Kubonyeza Ctrl huku ukivuta ni ukoo huo huo.

Wazo likakaa maabara miaka mingi. Alan Borning aliliendeleza kwa ThingLab mwishoni mwa miaka ya 1970, na baadaye akawa mmoja wa waliounda Cassowary, njia ya kihesabu ya kutatua masharti kama hayo haraka. Apple wakaichukua kwa Auto Layout yao: OS X Lion mwaka 2011, iOS 6 mwaka 2012. Na 2012 hiyo hiyo iPhone 5 ikatoka na skrini ndefu kuliko zilizotangulia. Programu zilizochorwa kwa kipimo kimoja zikabaki na michirizi myeusi, manze.

Wadizaini kibao nao bado walikuwa wanachora skrini kwa Photoshop. Photoshop, programu ya kurekebisha picha! Karatasi yake haikujua kilicho juu yake. Figma, iliyoanzishwa na Dylan Field na Evan Wallace 2012 na kufunguliwa kwa umma 2016, ilifanya fremu iwe kontena kweli. Unaweka fremu ndani ya fremu, na kila kitu kina sharti lake: kishike kushoto, kishike kulia, kikae katikati, au kivutike na kontena. Kwa hivyo kitufe kilichofungwa kulia kikifuata ukingo wa kulia, kinatii tu ulichokiambia. (Auto Layout ya Figma, iliyokuja 2019, ni stori nyingine. Huko fremu yenyewe ndiyo hupanga watoto wake.)

Mafunzo mengi ya haraka hukufunza Ctrl na kuishia hapo. Hapo nakataa. Ctrl ni sawa ukitaka nafasi ya kufanyia kazi, ama ukikata sehemu iliyobaki tupu. Lakini ukiibonyeza kila mara, masharti hayawekwi kamwe, na anayeandika kodi anapokea skrini iliyo sahihi kwa upana mmoja tu. Hapa kwetu simu ni Android za kila saizi. Mwenye simu ndogo ndiye hupata kitufe cha kulipa kimejificha nje ya skrini, na pesa ilikuwa itumwe saa hiyo.

Kwa hivyo vuta fremu mara moja bila Ctrl, makusudi, uone nani anahama. Aliyehama vibaya, mbonyeze, angalia sharti lake kwenye paneli ya kulia, urekebishe, kisha uvute tena.