Songwe Ilivyoingia Kwenye Kompyuta: Historia Fupi ya Kuchapisha Kifurushi

Fungua jedwali la Sensa ya mwaka 2012. Mkoa wa Mbeya: watu 2,707,410. Sasa fungua la mwaka 2022. Mbeya: watu 2,343,754. Toa moja kwa nyingine, na utapata kwamba ndani ya miaka kumi Mbeya imepoteza watu 363,656. Wamekwenda wapi? Njaa? Tetemeko la ardhi?

Hawajaenda popote, wapo palepale walipokuwa. Kilichohama ni mpaka. Januari 2016 serikali iliugawa mkoa wa Mbeya, na wilaya za Mbozi, Momba, Ileje na Songwe, pamoja na mji wa Tunduma, zikawa mkoa mpya wa Songwe wenye makao makuu Vwawa. Ukizigawa upya takwimu za 2012 kwa mipaka ya leo, Mbeya ilikuwa na watu 1,708,548 na Songwe 998,862. Mwaka 2022 Songwe ilikuwa na 1,344,687. Kumbe pande zote mbili zimekua.

Mtu anayeijua nchi atalishtukia kosa hili haraka. Kompyuta haishtuki. Yenyewe inajua mikoa iliyoandikwa kwenye orodha yake, basi. Na mara nyingi aliyetengeneza fomu au mfumo wa takwimu hakuiandika orodha hiyo mwenyewe. Aliipakua ikiwa ndani ya kifurushi cha programu kilichochapishwa na mtu mwingine, pengine bara jingine. Kwa hiyo tujiulize: Songwe iliingiaje humo? Jibu linatupitisha kwenye historia ya zaidi ya miaka thelathini ya kazi ambayo leo inafanywa kwa amri moja tu.

Kabla ya rejista

Zamani, ukitaka programu ya mwenzako ulinakili diski yake, au uliichukua kwenye seva ya chuo fulani kama uliijua anwani yake. Seva ikizimwa, programu imepotea. Nakala zikiwa tatu, hujui ipi ni mpya.

Waliokuwa wa kwanza kuchoka na hali hiyo ni watumiaji wa TeX, programu ya kupanga maandishi ya kisayansi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 walikusanya kazi zao kwenye ghala moja, CTAN. Mwaka 1995 watu wa lugha ya Perl wakaiga wazo hilo na kuanzisha CPAN. Mwaka 1997, huko Vienna, Kurt Hornik na Friedrich Leisch wakaanzisha CRAN kwa ajili ya lugha ya R. Kama umewahi kuandika `install.packages` ukiwa unahangaika na tasnifu, umeshaligonga hodi ghala hilo.

Wazo lenyewe lilikuwa rahisi: kila kazi iwe na jina moja linalojulikana, iwe na namba ya toleo, na nakala zake zikae kwenye seva nyingi duniani, ili moja ikifa nyingine zibaki.

Kadhia ya kifurushi

PyPI, rejista ya lugha ya Python, ilianza mwaka 2003. Mwanzoni ilikuwa orodha tu: jina la kifurushi, maelezo yake, na mahali pa kukipata. Kupakia faili lenyewe kulikuja baadaye. Mwaka 2010 ikaja npm ya Isaac Schlueter kwa watumiaji wa JavaScript, nayo ikaifanya kazi nzima kuwa maneno mawili kwenye dirisha la amri: `npm publish`. Upande wa Python, leo unajenga kifurushi kwa `python -m build`, kisha unakipakia kwa `twine upload`.

Ukibonyeza kitufe cha kuingiza, kinatokea nini? Ukiwa Tunduma hupati shida kuelewa. Lori haliingii Nakonde kwa sababu tu dereva amewasha injini. Lazima kuwe na kadhia: mzigo ni nini, una uzito gani, ni wa nani, unatoka wapi. Kifurushi nacho hubeba faili dogo la maelezo lenye jina, namba ya toleo, leseni, na orodha ya vifurushi vingine kinavyovitegemea. Rejista inakagua kwanza wewe ni nani, kwa tokeni ya siri. PyPI tangu mwanzo wa 2024 inamtaka kila mchapishaji awe na uthibitisho wa hatua mbili. Halafu inaangalia kama jina ni lako. Mwisho inaangalia namba ya toleo. Kama toleo hilo lilishapakiwa, mzigo unarudishwa.

Hapo kwenye kurudishwa ndipo wengi wanakwazika. Umekosea herufi moja, unataka kubadilisha faili lilelile, rejista inakataa katakata. Inakwambia: leta toleo jipya. Unaweza kuona ni ukiritimba tu. Lakini Gazeti la Serikali nalo linakwenda hivyohivyo. Tangazo likiwa na kosa hakuna anayekusanya nakala za zamani azifute wino. Linatolewa tangazo jingine la kurekebisha, na lile la kwanza linabaki kwenye kumbukumbu.

Machi 2016

Miezi miwili tu baada ya Songwe kuzaliwa, dunia ya programu ilijifunza somo hili kwa maumivu. Azer Koçulu alikuwa na kifurushi kwenye npm kiitwacho kik. Kampuni yenye jina hilohilo ikalitaka jina, na wasimamizi wa npm wakaipa. Koçulu akakasirika, akaondoa vifurushi vyake vyote, zaidi ya 250. Kimojawapo kilikuwa left-pad, chenye mistari 11 tu ya msimbo. Kazi yake? Kuongeza nafasi upande wa kushoto wa neno.

Mistari 11! Lakini programu nyingi kubwa zilikitegemea kupitia vifurushi vingine, na tarehe 22 Machi 2016 zikaanza kushindwa kujengwa, moja baada ya nyingine. Baada ya saa chache npm ikakirudisha kifurushi, kisha ikabadilisha kanuni: kwa kawaida, ukishachapisha na muda mfupi ukapita, huondoi tena kama kuna wengine wanaokutegemea.

Angalia chanzo cha ugomvi: jina. Sisi wa nyanda za juu kusini tunaujua mchezo huu. Songwe ni mkoa, na ndani ya mkoa huo kuna wilaya ya Songwe. Songwe ni mto. Na uwanja wa ndege wa Songwe uko mkoa wa Mbeya! Wenyeji hawapotei kwa sababu wanaelewa muktadha wa mazungumzo. Rejista haina muktadha, ina jina na mwenye jina. Ndiyo maana npm inaruhusu jina la kundi litangulie jina la kifurushi, kama tunavyosema "Songwe ya uwanja" au "Songwe ya mkoa".

Safari ya TZ-31

Sasa turudi kwenye swali letu. Shirika la Kimataifa la Viwango, ISO, lina orodha ya mikoa ya nchi zote. Mbeya ni TZ-14. Songwe ilipewa TZ-31, ikifuata mikoa minne iliyoanzishwa 2012: Geita, Katavi, Njombe na Simiyu. Watu wa mradi wa Debian wanaiweka orodha hiyo kwenye mkusanyiko wao uitwao iso-codes. Kifurushi cha Python kiitwacho pycountry kinachukua data kutoka humo, na kuchapishwa PyPI. Mtengeneza mfumo anakipakua, na hapo ndipo neno "Songwe" linatokea kwenye fomu ya mtumiaji.

Hesabu mikono: serikali, ISO, Debian, pycountry, mtengeneza mfumo. Kila mmoja lazima achapishe upya, na anayemfuata lazima asasishe. Mmoja akilala, mkazi wa Tunduma anabaki Mbeya kwenye skrini hata kama kitambulisho chake kinasema vingine. Na safari hiyo inaishia ngazi ya mkoa tu. Tunduma yenyewe haimo kwenye orodha ya ISO. Ndiyo maana kifurushi kama mtaa, kilichotengenezwa na waandaaji programu wa Kitanzania na kuwekwa PyPI, kina maana kubwa: chenyewe kinashuka kutoka mkoa hadi wilaya, kata na mtaa.

Je, matoleo ya zamani yasiyo na Songwe yafutwe? Hapana. Anayerudia uchambuzi uliofanywa mwaka 2014 anayahitaji jinsi yalivyokuwa, na mchambuzi wa leo anahitaji mapya. Kinachowatenganisha ni namba ya toleo. Kwa hiyo unapoandika sura ya mbinu za utafiti, usiishie kusema "nilitumia pycountry". Sema toleo gani, mfano 22.3.5, yaani la tarehe 5 Machi 2022. Ni maneno machache, lakini ndiyo yanayomwezesha msomaji kujua kama watu 363,656 wamepotea kweli, au ni mpaka tu uliosogea.