Ubainishaji wa Jina la Kompyuta

Pakiti inayotoka kompyuta moja kwenda nyingine hubeba anwani ya tarakimu, tuseme 192.168.10.11. Swichi iliyo katikati haijui kwamba mashine hiyo mmeipa jina la "changu", wala haina haja ya kujua. Majina ni ya watu, na ni ya programu ambazo watu wameziandika, maana mafaili ya usanidi ya mifumo ya kugawanya kazi kwa mashine nyingi, kama Hadoop, Spark au MPI, hutaja mashine kwa majina. Kwa hiyo kila programu inapotaja jina, sharti anwani ya jina hilo ipatikane kwanza, kabla hata pakiti moja haijatoka kwenda kwa mashine hiyo. Kazi hiyo ya kuipata anwani ndiyo ninayoiita ubainishaji wa jina la kompyuta.

Wapo wanaoiita "utatuzi wa majina", na sikubaliani nao. Kinachotatuliwa ni tatizo, fumbo au mgogoro wa shamba, na jina "changu" halina mgogoro wowote. "Tafsiri ya majina" inakaribia, lakini anwani si maana ya jina: mashine ikihamishiwa mtandao mwingine itapewa anwani mpya na jina lake litabaki lilelile. Kubainisha ni kuonyesha wazi kipi ni kipi miongoni mwa vingi, na hilo ndilo linalotendeka. Faida nyingine ni kwamba kitenzi hiki kinazaa. Sehemu ya mfumo inayofanya kazi hiyo tunaweza kuiita kibainishi. Kutoka kwenye anwani kurudi kwenye jina ni ubainishaji kinyume. Na fundi akisoma kwenye skrini "jina halikubainika", anajua mara moja aanzie wapi kutafuta.

"Jina la mwenyeji", tafsiri ya neno kwa neno ya hostname, nalo tuliache. Mwenyeji hupokea wageni, na ndani ya klasta, yaani kundi la kompyuta zinazofanya kazi kwa pamoja, kila mashine huomba na kuombwa huduma kwa zamu. "Jina la kompyuta" linatosha, na Mkenya anayependa "jina la tarakishi" hajapotea.

Mwanzoni kazi hii yote ilifanywa na faili moja. Katika miaka ya 1970, mtandao wa ARPANET wa Marekani ulikuwa na orodha iliyoitwa HOSTS.TXT, ikitunzwa katika taasisi ya Stanford Research Institute, California, na kikundi kilichoongozwa na Elizabeth Feinler. Aliyeongeza mashine aliwapelekea taarifa, wao wakaingiza mstari, na wengine wote wakanakili orodha upya. Mtandao ulipokua, utaratibu huo ulielemewa. Mwaka 1983 Paul Mockapetris alichapisha hati za RFC 882 na 883, zilizogawa majina katika vikoa ili kila mwenye kikoa atunze majina yake mwenyewe. Hati zilizozirithi mwaka 1987, RFC 1034 na 1035, ndizo msingi wa mfumo huo wa majina, yaani DNS, hadi leo.

Watu wengi husoma historia hii na kuhitimisha kwamba faili ni mambo ya zamani. Wanakosea. Klasta ya kompyuta nne katika maabara ya chuo haina ukubwa uliowaelemea watu wa ARPANET. Kuianzishia seva ya DNS ni kuongeza kitu kimoja zaidi kinachoweza kuharibika, na kikiharibika, mashine zote hupotezana kwa pamoja. Kwa klasta ndogo, anza na faili.

Kwenye Linux faili hilo ni /etc/hosts. Kabla ya kuligusa, kila mashine ipewe anwani isiyobadilika kutoka katika safu zilizotengewa mitandao ya ndani, na ipewe jina kwa amri ya hostnamectl set-hostname. Majina yana kanuni zake: herufi za a hadi z, tarakimu na kistari tu, bila kujali herufi kubwa na ndogo. Kistari cha chini hakiruhusiwi. Ritifaa pia hairuhusiwi, kwa hiyo mwenye kupenda majina ya mifugo hawezi kuandika ng'ombe. Samaki hawana shida hiyo. Kisha mistari hii huandikwa kwenye mashine zote nne, bila tofauti hata ya herufi moja:

127.0.0.1 localhost
192.168.10.10 papa
192.168.10.11 changu
192.168.10.12 kolekole
192.168.10.13 nguru

Faili hili ni kama orodha ya majina kwenye simu yako: mwenzako akibadili namba, simu haipati habari mpaka uihariri wewe. Ndiyo maana nakala asilia ikae kwenye mashine moja, na nyingine zinakiliwe kutoka hapo. Anayehariri kila moja kwa mkono atakuta baada ya muda kwamba nguru na kolekole hawakubaliani papa yuko wapi.

Faili la pili ni /etc/nsswitch.conf. Humo mna mstari unaoanza na neno hosts, na mpangilio wa maneno yanayofuata ndio mpangilio wa kutafuta. Ukisomeka "hosts: files dns", kibainishi kitaangalia faili kwanza, kisha ndipo kiulize seva ya majina. Seva zenyewe zimeorodheshwa kwenye /etc/resolv.conf. Kwa kawaida kibainishi cha Linux huisubiri kila seva sekunde tano na kujaribu mara mbili kabla ya kukata tamaa. Basi intaneti ikikatika, na jina moja likawa limesahaulika kwenye faili, kazi iliyokuwa ikimalizika papo hapo huanza kukwama kwa sekunde kadhaa kila hatua, na watu wanailaumu kebo.

Kuna kosa moja linalostahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu huwapata wengi na ujumbe wake unapotosha. Debian na Ubuntu huweza kujiandikia mstari wao wenyewe kwenye /etc/hosts wakati wa kusakinishwa: 127.0.1.1 ikifuatwa na jina la mashine. Nia ni njema, kwamba jina la mashine lipate anwani hata pasipo na mtandao. Lakini anwani zote zinazoanza na 127 humaanisha "mimi mwenyewe". Huduma kuu ya Hadoop inapowashwa kwenye papa, huuliza papa ni nani, hujibiwa 127.0.1.1, na hufungua mlango wake hapo, yaani kwa ndani. Changu anagonga 192.168.10.10 na kuambiwa muunganisho umekataliwa. Fundi anakimbilia ngome ya mtandao, anaizima, hali haibadiliki. Amri ya ss -ltn kwenye papa ingemwonyesha 127.0.1.1 mbele ya namba ya mlango, na tiba ni kuuondoa mstari ule na kuwasha huduma upya.

Ukitaka kupima, tumia amri ya getent hosts papa, na uipige kwenye kila mashine, ikiwemo papa yenyewe. Usitumie dig wala nslookup kwa kazi hii. Hizo huenda moja kwa moja kwa seva ya majina na kuliruka faili, kwa hiyo zinaweza kukuambia jina halipo ilhali programu zako zinaliona vizuri. Pima na kinyume chake: getent hosts 192.168.10.11 ikurudishie changu. Hadoop, isipobadilishwa, hukataa kuisajili mashine ya data ambayo anwani yake haibainiki kuwa jina. Na iwapo mstari una majina zaidi ya moja, la kwanza baada ya anwani ndilo jina rasmi, mengine ni lakabu.

Mashine zikiongezeka, au zikiwa za kuja na kuondoka, faili litachosha. Hapo programu ndogo ya dnsmasq inafaa kuliko seva kubwa ya DNS: husoma /etc/hosts ya mashine moja na kuwajibu wengine wote kutoka humo. Ukihitaji kikoa cha ndani, usichague .local, kwani tangu 2013 kimetengewa itifaki nyingine ya kutafutana majina kwenye mtandao uleule, na viwili hivyo hugongana. Kikoa .internal kilitengwa na ICANN, shirika linalosimamia majina ya vikoa, mwaka 2024 kwa matumizi ya ndani, kitumie hicho.

Walimu wa maabara, waandikieni wanafunzi maelekezo haya kwa Kiswahili, na mtumie istilahi moja toka mwanzo hadi mwisho. Kama mna neno lililo bora kuliko "ubainishaji", litoeni litumike.