Daraja la kwenu ni la nani, na fedha za kulitunza zinatoka wapi?

Kila mvua zinapoanza huku kwetu, meseji zinazoingia studio hufanana: daraja limekatika, kalavati limezolewa, mgonjwa ameshindwa kufikishwa Hospitali ya Kolandoto. Na swali huwa lile lile, nani alitakiwa kulitengeneza? Tumeona tuliandike jibu hapa ili ulisome hata wakati kipindi kimepita.

Tuanze na mwenye daraja, maana ukikosea ofisi unapoteza miezi. Madaraja ya barabara kuu na za mkoa yapo chini ya TANROADS, iliyoanza kazi mwaka 2000. Barabara ya Shinyanga–Mwanza ni yao, na hii inayochepuka Kolandoto kwenda Kishapu, Lalago na Mwanhuzi ni yao pia. Barabara za wilaya, za vijijini na mitaa ya mjini ni za TARURA, iliyoanza Julai 2017. Kabla ya hapo zilikuwa mikononi mwa halmashauri. TARURA ndiyo yenye mzigo mrefu zaidi: zaidi ya kilomita 144,000 nchi nzima, wakati TANROADS ina zaidi ya 36,000 hivi, ingawa za TANROADS ndizo zinazobeba malori mazito.

Sasa fedha. Ukimwona bodaboda anajaza lita moja ya petroli pale kituoni, ujue sehemu ya hela yake ni ya matengenezo ya barabara. Tozo hiyo huingia Mfuko wa Barabara, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 1998. Sheria inataka angalau asilimia 90 ya fedha za mfuko ziende kwenye matengenezo, siyo ujenzi mpya. Bodi ya Mfuko huzigawa, na kwa miaka mingi TARURA imekuwa ikipata kama asilimia 30 tu. Kwa kuona pengo hilo, Bunge mwaka 2021 lilipitisha nyongeza ya shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara za TARURA. Kwa hiyo mkulima wa Kishapu anayekodi trekta lenye kunywa dizeli naye ni mchangiaji, na ana haki ya kuuliza.

Shida nyingine ni kalenda. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai. Huku Shinyanga na Geita mvua huanza karibu na Novemba na kwenda hadi Aprili. Kati ya hapo ni miezi minne tu ya kutangaza zabuni, kumpata mkandarasi na kufanya kazi mto ukiwa mkavu. Fedha zikichelewa kidogo, mkandarasi anafika eneo la kazi pamoja na maji.

Na maji ya huku yana tabia yake. Mito yetu mingi ni ya mchanga. Miezi mingi unavuka kwa miguu, halafu siku moja inashuka kwa kishindo ikiwa na miti na magogo. Daraja mara nyingi halivunjwi kwa juu. Maji hukwangua mchanga chini ya nguzo mpaka msingi unaning'inia, au takataka zinaziba tundu la kalavati, maji yanakosa njia, yanazunguka pembeni na kukata tuta. Ndiyo maana matengenezo yenye faida kubwa hayavutii kamera: kuzibua kalavati, kufyeka vichaka, kusafisha mitaro, kupanga mawe ndani ya nyavu za waya kwenye kingo. Kibarua mwenye sepeto mwezi wa Septemba anaokoa fedha nyingi za mwezi wa Februari.

Hapa tuseme ukweli bila kupaka mafuta: wachota mchanga wanatumaliza. Tripa zinazojaza mchanga hatua chache kutoka kwenye nguzo zinafanya kazi ile ile ya mafuriko, tena kila siku. Waone na wanaong'oa vyuma vya kingo na alama za barabarani kwenda kuuza chuma chakavu. Upande wa malori, sheria ya Afrika Mashariki inaweka kikomo cha tani 56 kwa gari na mzigo wake, ndiyo kazi ya mizani zile.

Daraja la mbali nalo linatugusa. Machi 2020 lilipokatika daraja la Kiyegeya, wilayani Gairo, barabara ya Dar es Salaam–Dodoma ilifungwa na mizigo ya Kanda ya Ziwa ikakwama njiani.

Wengi mmetuuliza kuhusu Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa takriban kilomita 3, lililofunguliwa Juni 2025. Limewaondolea watu wa Geita na Sengerema foleni ya kivuko. Nalo litahitaji kukaguliwa na kusafishwa kila mwaka, na fedha hizo zitatoka kwenye mfuko ule ule unaotakiwa kuzibua kalavati la kijijini kwako.

Kwa vijito vidogo, TARURA wamekuwa wakijenga madaraja ya mawe yenye umbo la upinde, hasa Kigoma. Hayahitaji nondo, na mafundi wanaweza kuwa vijana wa hapo hapo. Mawe Shinyanga hatujapungukiwa.

Ukiona ufa, nguzo iliyoachwa wazi au kalavati lililoziba, piga picha na andika jina la barabara na kijiji. Mpe mtendaji na diwani ili lifike kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, kisha peleka taarifa ofisi ya TARURA ya wilaya, au TANROADS mkoa kama ni barabara yao. Fanya hivyo mapema, wakati mipango ya bajeti inaandaliwa, maana kisichoandikwa kwenye mpango hakipangiwi fedha. Kama mnaishi jirani na mgodi, ulizeni pia halmashauri: tangu marekebisho ya sheria ya madini ya mwaka 2017, kampuni hutakiwa kukubaliana nayo kila mwaka juu ya mchango wake kwa jamii, na kivuko cha kwenda shule au zahanati kinaweza kuingizwa humo.