Ruta na swichi: dhana potofu

Ruta na swichi ni vifaa vya mtandao wa kompyuta ambavyo kazi zake huchanganywa mara nyingi. Swichi huunganisha vifaa ndani ya mtandao mmoja kwa kusoma anwani za MAC. Ruta hupitisha pakiti za data kati ya mitandao tofauti kwa kufuata anwani za IP.

Kisanduku cha intaneti cha nyumbani, Likoni au Kisauni mjini Mombasa, huitwa ruta tu, ilhali ndani yake mna ruta, swichi na kituo cha Wi-Fi. Tundu moja huelekea kwa mtoa huduma. Yaliyobaki, mara nyingi manne, ni ya swichi, na kompyuta zilizochomekwa hapo huwasiliana hata intaneti ikikatika.

Dhana potofu iliyoigharimu Kenya ilihusu KIXP, kituo cha kubadilishana data kilichoanza Nairobi Novemba 2000. Telkom Kenya ililalamika kwamba kinaingilia haki yake ya pekee ya mawasiliano ya kimataifa, kikafungwa hadi 2002. Kumbe moyo wake ulikuwa swichi: njia ziliamuliwa na ruta za wanachama, na data yenyewe ilikuwa ya humu humu nchini.

Mombasa, zilikotua nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS mwaka 2009, suala la mahali ruta zinapokutana lina uzito wake. Pakiti ya kutoka Changamwe kwenda Kisauni hulazimika kuzungukia Nairobi iwapo ruta za watoa huduma wawili hukutana huko tu, hata swichi ziwe na kasi kiasi gani.