Bustani ya viungo ya Kizimbani: namna ya kuitembelea mwenyewe meli inaposimama Unguja

Mtu wa Baraka aliyezoea safari ya Kigoma na Dar es Salaam hayuko mbali sana na Zanzibar. Boti ya kasi inatoka Dar na kufika Unguja kwa muda wa masaa mawili hivi. Pale bandarini Malindi, mara nyingi zaidi kati ya Novemba na Machi, atakuta meli nyeupe ya watalii yenye ghorofa nyingi kuliko jengo lolote la mji wetu. Meli hizo huzunguka bahari na kusimama siku moja tu katika kila bandari. Asubuhi abiria wanashuka, jioni meli inaondoka, na asiyekuwepo anaachwa.

Abiria wengi hulipia matembezi wakiwa bado ndani ya meli. Wanapakiwa kwenye basi, wanapelekwa kwenye mashamba ya viungo, wananusa majani, wanarudishwa. Lakini hakuna anayelazimishwa. Anayeshuka kwa miguu yake anaweza kwenda mwenyewe, kwa bei ndogo, na akauliza anachotaka kuuliza. Makala hii inaeleza namna ya kwenda Kizimbani, iwe umeshuka kwenye meli kubwa au kwenye boti ya Dar kwa siku moja. Inaeleza pia kwa nini sisi watu wa kando ya Tanganyika tuna maswali ambayo wale wa kwenye basi hawana.

Ni bustani gani hii

Kizimbani iko kama kilomita 15 kutoka Mji Mkongwe, upande wa kaskazini mashariki. Kuna shamba la serikali, kuna chuo cha kilimo, na kuna mashamba ya watu binafsi yanayopokea wageni. Usitegemee bustani ya maua yenye njia za saruji na viti. Ni mahali ambapo mimea ya mbali ililetwa, ikapandwa, ikaangaliwa kama itakubali udongo. Na karibu kila mti wanaokuonyesha ni mgeni pale, kuanzia mkarafuu wenyewe.

Mkarafuu asili yake ni visiwa vya Maluku, nchi inayoitwa leo Indonesia. Waholanzi walioshika biashara hiyo walilinda miche kwa ukali. Mwaka 1770 Mfaransa Pierre Poivre alifaulu kupata miche ya karafuu na kungumanga, ikapandwa kwenye bustani ya Pamplemousses, kisiwani Mauritius. Kutoka visiwa hivyo vya Wafaransa ilikuja Unguja mwanzoni mwa miaka ya 1800. Anayetajwa kuileta ni Mwarabu wa Oman, Saleh bin Haramil, aliyepanda Mtoni na hapo Kizimbani. Baadaye Seyyid Said alimnyang'anya mashamba hayo, kisha akasukuma wenye ardhi wote wapande karafuu. Inasimuliwa kwamba aliamuru mikarafuu mitatu kwa kila mnazi mmoja.

Hapa tuseme jambo moja linalotugusa sisi wakulima wa mawese. Bustani za visiwani hazikuhamisha karafuu tu. Mwaka 1848 michikichi minne yenye asili ya Afrika ilipandwa katika bustani ya Bogor, kisiwani Java. Uzao wa ile minne ndio ulioanzisha mashamba makubwa ya Asia, na leo Indonesia na Malaysia ndizo zinazoongoza duniani kwa mafuta ya mawese. Ngazi unayokata mlimani Fizi ina ndugu zake kule. Kwa hiyo mtu akikuambia bustani ya mimea ni mambo ya watalii tu, mwambie michikichi minne ilitosha kubadilisha soko la dunia.

Mikono iliyolima

Karafuu haikupandwa na masultani. Ilipandwa, ikapaliliwa na kuchumwa na watumwa, na wengi wao walitoka bara: Wayao, Wanyasa, Wazaramo, na wale waliojulikana pwani kwa jina moja la Wamanyema, yaani watu wa upande wetu wa Kongo. Njia yao inajulikana. Kutoka Nyangwe na Kasongo misafara ilishuka mpaka ziwani, ikavuka kwa mitumbwi na majahazi hadi Ujiji, halafu Tabora, halafu pwani. Si kila aliyechukuliwa alifika Unguja. Wengi walifia njiani, wengine walibaki Ujiji na Tabora, na wajukuu wao wako huko mpaka leo.

Kaskazini ya ziwa ilikuwa mikononi mwa Rumaliza, aliyekaa Ujiji na kutuma watu wake mpaka Uvira. Tippu Tip, aliyetawala biashara ya Manyema, alizaliwa Unguja, akarudi huko akiwa na mashamba ya karafuu, na akafa huko mwaka 1905. Nyumba yake bado ipo Mji Mkongwe. Wazungu waliopita kwa njia za misafara hiyo waliona na ufuko wetu: Burton na Speke walipita kwa mitumbwi mwaka 1858 na kuuita Ubwari kisiwa, kumbe ni rasi. Hata Kiswahili tunachotangaza nacho kila asubuhi kilikuja kwa barabara hiyo hiyo.

Biashara ya watumwa kwa bahari ilipigwa marufuku Zanzibar kwa mkataba wa mwaka 1873, chini ya Sultani Barghash. Utumwa wenyewe kisheria ulidumu mpaka 1897. Kabla ya mkataba huo, mwaka 1872, kimbunga kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja. Pemba ilipona, na ndiyo sababu mpaka leo karafuu nyingi zinatoka Pemba na siyo Unguja.

Katika matembezi ya kawaida ya viungo, maelezo haya hupewa dakika moja, au hayatajwi kabisa. Mwongozaji ana ratiba na kundi la watu thelathini. Ukienda mwenyewe, uliza: nani alilima hapa, na majina ya watu wa bara bado yapo kijijini? Waunguja ni watu wa adabu na mazungumzo. Anza na salamu ndefu, "shikamoo" kwa mkubwa, "habari za hapa", ndipo uingie kwenye swali. Kiswahili chako cha Fizi watakitambua mara moja kuwa ni cha bara, na mara nyingi hapo ndipo mazungumzo yanaanzia.

Hesabu ya masaa

Jambo la kwanza ni saa yenyewe. Baraka tuko nyuma ya Tanzania kwa saa moja. Saa nne ya kwetu ni saa tano ya Unguja. Anayesafiri na simu isiyojibadilisha saa anaweza kuachwa na meli huku akidhani ana muda. Tena meli za watalii zina saa yao, inayotangazwa ndani ya meli, na muda wa mwisho wa kupanda huwa kabla ya muda wa kuondoka. Shika saa ya meli.

Tuseme meli imesimama kwa masaa manane. Toa saa moja ya kushuka, kwa sababu mara nyingine meli hutia nanga mbali na abiria kuletwa na mashua. Toa saa moja na nusu ya akiba mwishoni. Barabara ni kama dakika arobaini kwenda na arobaini kurudi, zaidi kama jua limeegemea na watu wanarudi nyumbani. Bustani yenyewe inahitaji saa moja na nusu mpaka mawili. Inabaki kama masaa mawili na kidogo ya mji. Inatosha, ila haitoshi kuongeza ufuko wa kaskazini, hata dereva akikuahidi.

Usafiri ni wa namna mbili. Daladala zinakwenda upande wa Kidichi na Kizimbani, nauli yake ni ndogo sana, lakini hujaza watu kwanza na vituo hubadilika. Uliza Darajani, kwa wenye maduka, siyo kwa mtu anayekufuata. Namna ya pili ni teksi. Patana bei kabla ya kupanda, iwe ya kwenda, kungoja na kurudi, na ulipe yote mkisharudi. Kwa mwenye meli ya kungojea, sisi tungemshauri teksi. Daladala ni nzuri kwa anayelala Unguja.

Mlangoni pa bandari utakutana na vijana wanaokuita rafiki na kukuonyesha hoteli, gari, mashamba. Sisi huku tungewaita makomisioneri. Kule wanaitwa papasi, jina la mdudu anayenyonya damu. Si wote wabaya, lakini asilimia yao inatoka mfukoni mwako. "Ahsante, kaka, ninajua ninakokwenda" inatosha, bila kusimama.

Karatasi za safari uzipange kabla. Kongo iko ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022, lakini Zanzibar ina ukaguzi wake bandarini hata ukitoka Dar. Pasipoti iwe mfukoni, siyo hotelini.

Ndani ya shamba

Mavazi: mabega na magoti yafunikwe, wanaume kwa wanawake, maana unapita vijijini kwa Waislamu. Mwezi wa Ramadhani usile wala kunywa njiani mchana. Viatu viwe vya kufunga, udongo ni mwekundu na mvua ikinyesha unateleza.

Mwongozaji atavunja jani na kukuuliza ni nini. Mdalasini ni gamba la mti, na mizizi yake hunuka kama dawa ya mafua. Pilipili manga inapanda mti mwingine kama maharage. Kungumanga likipasuliwa lina wavu mwekundu ndani, unaoitwa basibasi, nao unauzwa peke yake. Vanila, ambayo ndugu zetu wa Beni wanailima, huchavushwa kwa mkono, ua moja moja. Njia hiyo rahisi iligunduliwa mwaka 1841 kisiwani Réunion na mtoto mtumwa wa miaka 12, Edmond Albius.

Mwishoni huja kijana anayepanda mnazi kwa nyimbo, na mwingine anayesuka kofia ya majani. Kofia siyo zawadi, ni biashara. Kama huna pesa ya kumpa, kataa mapema na kwa upole.

Karibu na hapo kuna mahamamu mawili ya zamani, la Kizimbani na la Kidichi. La Kidichi, la mwaka 1850, lilijengwa kwa ajili ya mke Mwajemi wa Seyyid Said, na mapambo yake ya chokaa bado yanaonekana. Nusu saa inatosha. Ukirudi mjini na muda ukiwepo, nenda kwa miguu mpaka Mkunazini, pale soko la watumwa lilipokuwa, ambapo sasa kuna kanisa la Kianglikana. Kwa mtu wa kwetu, tungesema aache hamamu kabla ya kuacha Mkunazini.

Na kwa mkulima wa Fizi anayefikiria kuleta mbegu: karafuu ya sokoni haioti. Ni ua lililochumwa kabla halijafunguka na kukaushwa juani. Mbegu ya kweli ni tunda lililoiva, nalo hufa upesi likikauka. Mche ukikubali, huanza kuzaa baada ya miaka sita hadi minane, na kuuvusha mipaka bila karatasi ya ukaguzi wa mimea ni kuutupa. Karafuu kwa wingi nazo usizinunue kwa mtu binafsi, kwa sababu sheria ya Zanzibar inalipa shirika la serikali, ZSTC, haki ya kuzinunua kwa wakulima. Pakiti ndogo ya jikoni haina shida. Nunua nzima, siyo ya unga, na uiponde kidogo kwa kucha: mafuta yakitoka, ni mpya.