Wavu wa Kunasia Mawingu

Utabiri wa hali ya hewa kwa njia ya hesabu huanza kwa kuigawa anga katika visanduku, mithili ya wavu uliotandazwa juu ya dunia. Katika kila jicho la wavu hukokotolewa joto, unyevu, upepo na mgandamizo wa hewa, kisha hesabu husogezwa mbele hatua kwa hatua. Kilicho kikubwa kuliko jicho hunaswa. Kilicho kidogo hupenya, kama dagaa katika wavu wa sangara. Kazi ya kompyuta kuu katika fani hii imekuwa kuyapunguza macho hayo.

Mwingereza Lewis Fry Richardson alijaribu kabla kompyuta hazijakuwapo. Akiwa dereva wa gari la wagonjwa nchini Ufaransa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, alikokotoa kwa mkono mabadiliko ya saa 6 za tarehe 20 Mei 1910. Jibu lake lilipandisha mgandamizo wa hewa kwa hektopaskali 145, ilhali siku hiyo haukubadilika sana. Hata hivyo alichapisha kazi hiyo mwaka 1922, akiwazia ukumbi wa wakokotoaji 64,000 wakishindana na kasi ya hali ya hewa.

Mwaka 1950, huko Aberdeen, Maryland, kundi la Jule Charney na John von Neumann liliikabidhi kazi hiyo kompyuta ya ENIAC, yenye vali zipatazo 18,000. Jicho moja la wavu lilikuwa na upana wa kilomita 736. Utabiri wa saa 24 ulichukua karibu saa 24 kukamilika, muda mwingi ukiishia katika kushughulikia kadi zilizotobolewa. Richardson, aliyekuwa bado hai, alipelekewa matokeo.

Kulipunguza jicho ni ghali. Upana ukigawanywa nusu, visanduku huwa mara 4, na hatua za muda nazo huhitaji kuwa mara 2. Kazi yote huwa mara 8. Ndiyo maana hata kompyuta kuu Cray-1, iliyotumiwa na kituo cha utabiri cha Ulaya mjini Reading tangu 1978, ilifanya kazi kwa macho ya takriban kilomita 200. Wingu la radi, lenye upana wa kilomita chache, lilikadiriwa tu kwa kanuni. Mwaka 2001 Marat Khairoutdinov na David Randall walipachika kielelezo kidogo cha mawingu ndani ya kila kisanduku cha kielelezo cha tabianchi, ili mizani mbili zibadilishane taarifa.

Mwaka 2022 kompyuta kuu Frontier, iliyoko Oak Ridge, Tennessee, ilivuka hesabu bilioni bilioni moja kwa sekunde. Mwaka uliofuata ilikokotoa anga ya dunia nzima kwa macho ya kilomita 3.25, ikimaliza zaidi ya mwaka mmoja wa tabianchi kwa siku.

Faida ya jicho dogo inaonekana Ziwa Viktoria. Usiku, pepo za nchi kavu hukutana katikati ya ziwa, huinua hewa yenye unyevu na kuzaa radi zinazozamisha mitumbwi ya wavuvi wa dagaa. Kwa macho ya kilomita 100, ziwa lote ni visanduku kama 7. Kwa macho ya kilomita 4, ambayo idara ya hali ya hewa ya Uingereza ilianza kuyatumia katika eneo hilo mwaka 2011, ni zaidi ya 4,000.