Wazazi Hawakungoja Sheria

Hapa kambini, mazungumzo yakigusa watoto wanaopenda watu wa jinsia yao, nasikia majibu matatu kutoka kwa wazazi. La kwanza: sheria inakataza. La pili: huo ni ugonjwa. La tatu: hayo ni ya wazungu, wao kwao ni rahisi. Mimi ni mkalimani. Kazi yangu ni kubeba maneno ya watu bila kuyapunguza wala kuyaongeza, na hayo matatu nimeyabeba sana. Leo naomba nibebe kisa cha zamani, maana kinayajibu yote.

Twende New York, mwaka 1972. Wakati huo, katika jimbo hilo, mapenzi ya jinsia moja yalikuwa kosa la jinai, na yaliendelea kuwa kosa hadi 1980. Chama cha madaktari wa akili wa Marekani kiliyahesabu kuwa ugonjwa, kikayaondoa kwenye orodha yake Desemba 1973. Kwa hiyo anayedhani wazazi wa kule walikuta njia imefyekwa, sivyo. Sheria ilikuwa dhidi yao, na daktari pia.

Katika mtaa wa Queens aliishi mwalimu wa shule ya msingi, Jeanne Manford. Mwana wake mmoja, Charles, alikuwa amefariki mwaka 1966. Mwingine, Morty, alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu na mwanaharakati wa haki za mashoga. Aprili 1972 Morty alikwenda na wenzake kugawa vikaratasi kwenye karamu ya wakubwa hotelini. Akapigwa vibaya, na polisi waliokuwapo hawakumsaidia. Mama akashika kalamu, akaandikia gazeti la New York Post. Aliwalalamikia polisi, na humo humo akasema wazi kwamba mwanawe ni shoga na kwamba anampenda. Hebu fikiria: mwalimu, anayejulikana na wazazi wa wanafunzi wake wote, na jina lake liko chini ya barua.

Juni mwaka huo aliandamana barabarani pamoja na Morty, ameshika bango linalowaita wazazi waungane kuwasaidia watoto wao. Vijana walimkimbilia wakilia, wakamsihi: mama, tafadhali, nenda ukaongee na wazazi wangu. Hapo ndipo pa kutazama vizuri. Vijana wale walikuwa na shida chungu nzima, za kazi, za polisi, za mahakama. Lakini walipomwona mama wa mtu, walichoomba kwanza ni kurudishiwa mama yao.

Machi 1973, yeye na mumewe Jules, daktari wa meno, waliitisha kikao cha kwanza cha wazazi katika kanisa moja la Kimethodisti huko Greenwich Village. Walikuja watu kama 20. Kikundi hicho kilikua, leo kinaitwa PFLAG na kina mamia ya matawi. Morty alifariki mwaka 1992 kwa UKIMWI, mama yake akaishi hadi 2013. Siku za mwana zilikuwa chache, lakini zile miaka 20 baada ya barua hakuziishi bila mama.

Utaniambia, huyo ni Mmarekani. Sawa, turudi Kenya iliyotupokea. Januari 2014 mwandishi Binyavanga Wainaina, mzaliwa wa Nakuru, alitoa insha ambayo ndani yake yuko kando ya kitanda cha mama yake hospitalini, anamwambia kwamba yeye ni shoga. Halafu anamweleza msomaji kwamba haikuwa hivyo. Mama yake alifariki mwaka 2000, yeye akiwa Afrika Kusini, na neno hilo mama hakuwahi kulisikia. Sisi tuliozikiwa wazazi wetu ng'ambo ya mpaka, hatuhitaji mkalimani wa jambo hilo.

Mwezi uliofuata, Februari 2014, Uganda ilitia saini sheria kali dhidi ya mashoga. Mahakama iliibatilisha Agosti, nyingine ikaja 2023. Waliokimbia walivuka kuingia Kenya, na wengi wakaletwa Kakuma. Wengine waliacha nyuma serikali inayowatafuta, na pia baba aliyewafungia mlango.

Kufungiwa mlango kuna gharama yake. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2009 ulikuta kwamba vijana waliokataliwa sana na familia zao walijaribu kujiua zaidi ya mara 8 kuliko wale ambao hawakukataliwa hivyo. Na hao walikuwa na nchi. Kwetu hapa, mtoto akitolewa nyumbani anatoka pia kwenye jiko la familia, na ukoo wa kumkimbilia uko ng'ambo ya vita.

Sasa, sheria. Kifungu cha 162 cha kanuni ya adhabu ya Kenya kipo, kifungo chake hufika miaka 14, na Mei 2019 Mahakama Kuu ilikataa kukifuta. Sikushauri ukatembee na bango bloku hadi bloku. Lakini hakuna kifungu kinachomwamuru mzazi amfukuze mwanawe. Sheria ya Watoto ya 2022 inamtaka mzazi amlishe mtoto na kumlinda, wala haikuweka kando mtoto wa aina fulani.

Kumkubali mtoto kambini kunaweza kuwa jambo la kimya kabisa. Sahani yake ibaki pale pale. Siri yake isitoke kwako, hata kwa shangazi yake, mpaka yeye mwenyewe aseme. Jirani akimtukana, jibu wewe, asijibu yeye. Huna haja ya kuelewa kila kitu kwanza. Chakula hakingoji uelewe.

Na nyie wafanyakazi wa mashirika, mnatuletea semina na mabango, asanteni. Ila mzazi humsikia mzazi. Kidole kimoja hakivunji chawa. Manford alianza na watu 20. Hapa watatu wanatosha, pamoja na mkalimani anayejua kufunga mdomo na chumba ambacho mlango wake unafungika.